Mnara na Watazamaji Wake: Funzo la Beit al-Ajaib

Chukua tofali moja la kuchoma, kama yale yanayoonekana katika kuta za nyumba za Nkuhungu, Dodoma. Lisimamishe ndani ya karai lenye maji ya chumvi, kina cha vidole viwili tu, kisha uliache kivulini penye upepo. Baada ya saa chache unyevu utakuwa umepanda juu ya usawa wa maji, ingawa hakuna mtu aliyeyamwagia huko. Ongeza maji kila yanapopungua. Baada ya wiki kadhaa unga mweupe utajitokeza juu ya tofali, na ukipitisha kidole penye unga huo utaona kwamba uso wa tofali umeanza kumomonyoka. Tofali lililostahimili moto wa tanuri linashindwa na maji pamoja na chumvi ya jikoni.

Nkuhungu iko mbali sana na bahari. Hewa yake ni kavu, na mvua zake ni za msimu mmoja tu katika mwaka. Hata hivyo, tofali hilo lililomo ndani ya karai laweza kumsaidia mkazi wa nyanda za kati kuelewa hatari mojawapo iliyokuwa ikilikabili jengo mashuhuri kuliko yote ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Tarehe 25 Desemba, 2020, mnara wa saa wa Beit al-Ajaib ulianguka pamoja na sehemu kubwa ya upande wa mbele wa jengo. Watu wawili walipoteza maisha yao. Jengo lilikuwa likifanyiwa matengenezo wakati ule.

Mnara huo ulikuwa umepigwa picha na wageni wasiohesabika. Ulikuwa katika kadi za posta, katika vitabu vya safari na katika kumbukumbu za kila abiria aliyeingia bandarini. Mtu angedhani kwamba kitu kinachotazamwa na watu wengi kiasi hicho hakiwezi kuharibika bila ya kuonekana. Makala haya yanaeleza jinsi mnara unavyogeuka kuwa kivutio cha watalii, na kwa nini kugeuka huko peke yake si kinga.

MNARA WA KWANZA NA MNARA WA PILI

Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, ilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888. Haikuwa nyumba ya kuishi hasa, bali jumba la sherehe na mapokezi. Jina lake lilitokana na mambo mapya yaliyokuwamo ndani yake: lilikuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme, na baadaye likawekwa lifti. Kwa muda mrefu hakuna jengo jingine la Mji Mkongwe lililolipita kwa kimo.

Hapo mwanzo jumba lenyewe halikuwa na mnara. Mnara ulikuwa peke yake mbele ya jumba, upande wa baharini, nao ulikuwa na kazi ya kufanya. Ulibeba taa za kuongoza vyombo usiku, na ulibeba saa. Nahodha alijua bandari iko wapi. Mtu wa mjini alijua wakati umefika wapi.

Tarehe 27 Agosti, 1896, mnara huo ulifikwa na vita. Siku mbili kabla ya hapo Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki, na Khalid bin Barghash akalikalia jumba bila ya ridhaa ya Waingereza. Manowari za Uingereza zikafyatua mizinga. Mapigano yalikwisha kwa muda usiozidi saa moja, na kwa sababu hiyo aghalabu hutajwa kuwa vita vifupi kuliko vyote katika historia. Ufupi wake haukupunguza msiba, kwani watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Jumba la jirani, Beit al-Hukm, lilibomolewa, na mnara wa taa ukaharibiwa vibaya. Beit al-Ajaib yenyewe iliponea chupuchupu.

Katika matengenezo ya mwaka 1897 mnara mpya wa saa ulijengwa, lakini safari hii haukuwekwa peke yake. Uliunganishwa na upande wa mbele wa jumba. Huo ndio mnara ambao ulimwengu uliufahamu kwa miaka 123 iliyofuata. Hapana budi msomaji akumbuke jambo hili: mnara uliokuja kuwa alama ya jengo zima haukuwamo katika ramani ya mwanzo, bali uliongezwa miaka 14 baadaye.

KAZI INAPOKWISHA, WATAZAMAJI HUANZA

Hakuna mji uliojenga mnara kwa ajili ya watalii wa karne zijazo. Minara ilijengwa ili kuita watu, kuwasha taa, kulinda mji, au kutangaza saa. Mnara huanza kuwa kivutio pale kazi yake ya mwanzo inapopungua. Mtu mwenye saa mkononi hana haja ya kuinua macho ili ajue wakati. Akiinua macho, huinua kwa sababu nyingine: kustaajabu, kukumbuka, au kupiga picha.

Safari ya Beit al-Ajaib kutoka kazi moja hadi nyingine ilipita vituo kadhaa. Kuanzia mwaka 1911 lilikuwa jengo la ofisi za serikali ya kikoloni. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 lilitumiwa na Chama cha Afro-Shirazi. Mwishoni mwa mwaka 2000 Mji Mkongwe wote uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mwanzoni mwa miaka hiyo ya 2000 Beit al-Ajaib ikawa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili. Katika ukumbi wake wa chini uliwekwa mtepe, yaani jahazi la kale lililoshonwa kwa kamba bila ya misumari, uliojengwa mwaka 2003 kwa kufuata mfano wa zamani. Mgeni aliyepanda ngazi hadi kwenye baraza za juu aliona mapaa ya mji upande mmoja na bandari upande wa pili.

Hapo ndipo yanapoonekana mambo matatu yanayougeuza mnara kuwa kivutio. La kwanza ni umbo, maana mnara huonekana kutoka mbali na hautofautishwi kwa shida na nyumba nyingine. La pili ni hadithi: umeme wa kwanza, vita vya dakika chache, masultani waliopita. La tatu ni njia ya kuingia, yaani mlango uliofunguliwa, ngazi inayopandika na mtu wa kueleza. Umbo bila ya hadithi ni rundo la mawe tu. Hadithi bila ya mlango humwacha mgeni nje. Lakini liko jambo la nne, lisiloonekana katika picha yoyote, nalo ni matunzo.

Umuhimu wa jambo hilo la nne waonekana vizuri katika mnara wa Eiffel wa Paris, Ufaransa. Ulipojengwa kwa maonyesho ya mwaka 1889, ruhusa yake ilikuwa ya miaka 20 tu, kisha ubomolewe. Uliokolewa kwa kupewa kazi mpya ya kubeba mitambo ya redio, na leo hutembelewa na mamilioni ya watu kila mwaka. Lakini mnara huo ni wa chuma, na adui wa chuma ni kutu. Kwa hiyo, takriban kila miaka 7, mafundi huupaka rangi upya, na kazi hiyo hula tani 60 hivi za rangi. Mtalii huuona mnara, wala hafikirii ndoo za rangi. Bila ya ndoo hizo pasingekuwa na mnara wa kuuona.

MAWE YALIYOTOKA BAHARINI

Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Matumbawe ni mabaki ya viumbe wadogo wa baharini, na sehemu yake kubwa ni kalisi kaboneti. Chokaa nayo hutokana na mawe hayo hayo. Yakichomwa katika tanuri kwa joto la nyuzi 900 hivi za sentigredi, hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi na kubakia chokaa hai. Chokaa hai ikitiwa maji huchemka na kuwa uji mweupe. Uji huo ukikaa ukutani hunyonya tena kaboni dayoksaidi kutoka hewani, polepole, hata ukarudi kuwa jiwe. Kwa hiyo ukuta wa pwani ni jiwe lililoshikwa na jiwe la jamii yake.

Ukuta wa namna hii una sifa njema. Umejaa vitundu vidogo, kwa hiyo unyevu ulioingia huweza kutoka tena jua linapowaka. Mafundi husema kwamba ukuta unapumua. Chokaa ni laini, na jengo likitikisika au kutitia kidogo, nayo hufuata bila ya kupasuka sana.

Lakini vitundu hivyo hivyo ndivyo mlango wa adui. Maji hupanda katika vitundu vyembamba kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa taa. Yakitoka ardhini karibu na bahari, au yakiletwa na upepo wa pwani, huja na chumvi. Jua huyakausha maji, lakini chumvi haiwezi kuruka pamoja na mvuke. Hubaki ndani ya vitundu na kufanya chembe ngumu, ambazo hukua kila unyevu unaporudi na kukauka, zikisukuma kuta za vitundu hivyo mpaka jiwe linachanika kutoka ndani. Huo ndio unga mweupe uliojitokeza katika tofali letu la Nkuhungu.

Tatizo huzidi pale mtu anapolitibu kwa dawa isiyofaa. Katika miji mingi ya kale ya pwani, kuta za chokaa zimepigwa lipu ya saruji kwa matumaini ya kuziimarisha. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu kwa urahisi. Kwa macho ukuta waonekana mpya; kwa ndani maji yamefungiwa na hayana pa kutokea. Baada ya miaka kadhaa lipu hubanduka ikiwa imeng'oa na uso wa jiwe. Kitu chenye nguvu zaidi si lazima kiwe kinachofaa zaidi.

CHUMA NDANI YA UKUTA

Nyumba za kawaida za Mji Mkongwe zina vyumba vyembamba, kwa sababu dari zao hubebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake una kikomo. Beit al-Ajaib ilitaka kumbi kubwa zaidi. Kwa hiyo wajenzi walitumia pia mihimili ya chuma, na baraza pana za nje zikasimamishwa juu ya nguzo ndefu za chuma cha kusubu. Jambo hilo lilikuwa ajabu kwa wakati wake, nalo pia lilileta adui mwingine.

Chuma kinaposhika kutu hakipungui ukubwa. Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa, na wakati mwingine hata zaidi ya hapo. Mhimili uliozikwa ukutani ukianza kuota kutu hufanya kazi ya kabari: husukuma jiwe, hufungua ufa, na ufa huo huingiza maji mengine yanayoongeza kutu. Hewa ya chumvi huuharakisha mzunguko huo.

Mnara, kwa umbo lake, huhisi maradhi hayo kuliko nyumba ya kawaida. Mita moja ya ujazo ya ukuta wa mawe na chokaa ina uzito unaokaribia tani 2. Ukuta wowote wa namna hiyo wenye kimo cha mita 20 huikandamiza kila mita ya mraba ya kitako chake kwa uzito wa karibu tani 40, kabla ya kuhesabu maji ya mvua yaliyonywewa. Katika nyumba pana, sehemu moja ikilegea, sehemu za jirani huweza kuchukua mzigo kwa muda. Mnara mwembamba hauna jirani wa kutosha.

Dalili katika Beit al-Ajaib zilikuwapo. Mwaka 2012 sehemu ya baraza na paa lake iliporomoka, na makumbusho yakafungwa. Jengo likabaki kivutio cha kutazamwa kutoka nje. Wageni waliendelea kupita na kupiga picha upande wa mbele, uliokuwa bado umesimama. Miaka 8 baadaye upande huo wa mbele, pamoja na mnara, ukaanguka.

PAVIA ILIYOANGUKA, PISA ILIYOPONA

Msiba wa namna hii haukuanzia Zanzibar. Katika mji wa Pavia, kaskazini mwa Italia, ulikuwako mnara wa matofali na mawe uliokuwa umesimama kwa karibu miaka 900. Katika karne ya 16 uliongezewa juu yake chumba cha kengele chenye uzito mkubwa. Asubuhi ya tarehe 17 Machi, 1989, mnara huo uliporomoka na kuua watu 4. Hapakuwa na tetemeko wala tufani. Uchunguzi uliofuata uliwafunza wahandisi jambo zito: ukuta uliobeba mzigo mkubwa kwa karne nyingi huchoka. Nyufa ndogo huongezeka taratibu mno, na siku ya kuanguka haitofautiani kwa macho na siku iliyotangulia.

Habari za Pavia ziliwashtua watu wa Pisa, wenye mnara mashuhuri ulioanza kujengwa mwaka 1173 na ambao huinama kwa sababu ya ulaini wa udongo chini yake. Januari 1990 mnara wa Pisa ulifungwa. Uamuzi huo ulikuwa mgumu, kwani mji ulipata wageni wengi kwa sababu ya mnara huo. Wahandisi wakaweka vipimo vya kufuatia kila mwendo wake, wakautuliza kwa vizito vya risasi, kisha wakaondoa udongo kidogo kidogo chini ya upande wa kaskazini, ule usioinamia. Mnara ukarudi nyuma zaidi ya sentimita 40. Haukunyooshwa kabisa, maana mnara wa Pisa ulionyooka usingekuwa mnara wa Pisa. Mwezi Desemba 2001 ulifunguliwa tena, na wageni huingizwa kwa makundi yenye idadi maalumu.

Tofauti kati ya miji hiyo miwili haikuwa utajiri wala elimu, kwani yote ni ya nchi moja. Tofauti ilikuwa kipimo. Mmoja ulidhaniwa kuwa mzima kwa sababu ulikuwa umesimama. Mwingine ulipimwa hata ukajulikana unaelekea wapi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sayansi inaongeza neno moja: kabla ya kuziba, jua kama ufa unakwenda. Njia ya kale na rahisi ni kushikiza kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa plasta, kila upande mmoja, na kuandika tarehe. Kioo hakinyumbuliki. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo hupasuka. Ufa uliolala waweza kuzibwa. Ufa unaokwenda unamtaka mhandisi kwanza, kwa sababu kuuziba ni kuificha habari uliyokuwa ukiileta.

FUNZO KWA NYANDA ZA KATI

Yaweza kuulizwa, hayo yote yanamhusu nini mkazi wa Dodoma, mahali pasipo na mnara wa sultani? Jibu ni kwamba kila jengo la kale lilikuwa jipya siku moja. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na Dodoma ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2018. Majengo yanayosimamishwa sasa ndiyo yatakayoonyeshwa kwa wageni miaka mia moja ijayo, au ndiyo yatakayoanguka. Ramani zake zikihifadhiwa, vifaa vyake vikiandikwa na nyufa zake zikipimwa tangu mapema, wajukuu watarithi jengo pamoja na habari zake. Pasipokuwa na kumbukumbu hizo, watarithi uso wake tu.

Tena, nyanda za kati zina elimu yake katika jambo hili. Nyumba ya tembe ya Wagogo ina paa la udongo lililolazwa juu ya miti. Paa hilo halidumu kwa nguvu ya udongo, maana udongo ni dhaifu mbele ya mvua. Linadumu kwa sababu mwenye nyumba hulikagua na kulikandika upya kabla ya masika kufika. Katika ujenzi wa tembe, matengenezo si jambo linalokuja baada ya uharibifu, bali ni sehemu ya kujenga kwenyewe.

Jumba la mawe la pwani halihitaji hekima tofauti na hiyo. Linahitaji mifereji ya paa isafishwe kabla ya mvua, chuma kipakwe rangi kabla ya kutu, lipu ya chokaa irudishwe mahali pa chokaa, na sehemu ya mapato yatokanayo na wageni itengwe kwa kazi hizo ndogo zisizopigiwa makofi. Utalii ukifuata njia hiyo, mnara huwa umepata kazi mpya ya kujilisha wenyewe. Usipofuata njia hiyo, mnara hutazamwa na kila mtu na haulindwi na mtu yeyote.

Mwalimu wa Nkuhungu anayetaka kulifundisha jambo hili hana haja ya kuwasafirisha wanafunzi wake hadi Unguja. Na aweke tofali ndani ya karai mwanzo wa muhula, awaamuru wanafunzi wapime kila wiki unyevu umepanda kiasi gani, na mwisho wa muhula walipime uzito unga uliodondoka. Watakuwa wameanza kazi ambayo kila mnara wa kale unaidai: kutazama kwa kipimo, na kuandika tarehe.